Uyoga umeota ukungu juu yake: jinsi ya kumjua mvamizi ni nani

Kila msimu wa mvua ukianza picha ni zilezile, mtu katoka porini na uyoga wenye unga wa njano au nywele nyeusi au utando mweupe juu ya kofia, anauliza huu ni uyoga gani na je unaliwa. Shida ni kwamba kwenye hiyo picha kuna viumbe viwili, sio kimoja. Kuna uyoga wenyewe ambao ndo mwenyeji, alafu kuna kuvu nyingine iliyouvamia na inakula mwili wake, na ukitafuta jina moja la vyote viwili utazunguka mpaka uchoke hupati kitu. Kuvu kula kuvu ni jambo la kawaida sana, ziko aina nyingi na nyingi zao zinachagua, hii inataka uyoga wa sponji tu, ile inataka wale wanaotoa maziwa, nyingine haigusi chochote isipokuwa vile viuyoga vidogo vyembamba vya kwenye majani makavu. Kwahiyo ukishamjua mwenyeji, orodha ya wavamizi inapungua mpaka wanabaki wawili watatu.

Nimepanga kwa dalili, yaani unachokiona kwa macho. Baadhi ya hawa utawakuta huku kwetu, wengine ni wa Ulaya na Marekani Kaskazini na nimewaweka kwa sababu ndugu zetu walioko kule wanaingia sana misituni mwezi wa tisa na wa kumi na wanakutana nao. Maneno nitakayotumia: kofia, shina, matamvua (vile vibapa vya chini ya kofia), na kama hakuna matamvua bali vitundu vitundu basi nasema sponji. Spora ni ule unga ambao kuvu inazaliana kwao.

Kwanza hakikisha kweli ni kimelea

Picha nyingi ukiziangalia vizuri hamna mvamizi yeyote. Uyoga ukiota kwa fungu, wa juu anamwaga spora zake juu ya kofia za wa chini, na mtu akiona ule unga anasema ukungu. Uyoga wa kichuguu, Termitomyces, spora zake ni za pinki hafifu, kwahiyo ukiona vumbi la pinki kwenye kofia iliyokaa chini ya mwenzake usishtuke. Wale wa Russula ni nyeupe mpaka krimu au njano. Pitisha kidole taratibu: spora za jirani zinatoka zote na ngozi ya kofia inabaki safi na ngumu vilevile. Kimelea hakifutiki hivo, maana nyuzi zake zimeingia ndani, na pale chini ya unga utakuta nyama imelegea au imebadilika rangi.

Vipande vyeupe vilivyosambaa juu ya kofia ya Amanita navyo sio ukungu, ni mabaki ya ule mfuko uliokuwa umeufunika uyoga ukiwa mchanga, na ni alama muhimu mno usiifute.

Kuna na hii ya kijani, naomba muisome vizuri. Uyoga mkubwa mweupe wenye magamba ya kahawia unaoota kwenye nyasi za uwanjani, bustanini, hata kwenye kiwanja cha shule, ukikomaa matamvua yake yanageuka kijani. Watu wanadhani umeota ukungu, wanaacha uliozeeka wanachukua mchanga wake uliobaki mweupe. Ule ni Chlorophyllum molybdites, kijani ni rangi ya spora zake mwenyewe, na ni sumu, unatapisha na kuharisha vibaya sana. Kwenye nchi za joto uko kila mahali.

Na mwisho, kama umeuchuma jana ukauweka kwenye mfuko wa plastiki na leo una manyoya, hapo hatuzungumzii vimelea tena, huo umeoza tu na ukungu wowote wa jikoni unaweza kuwa umeingia. Dalili inayohesabika ni ile uliyoiona uyoga ukiwa bado umesimama ardhini.

Cha kufanya ukiwa palepale porini

Usiondoke na ule ulioharibika peke yake. Zunguka hatua chache utafute mwenzake mzima wa aina ileile, maana huyo ndo atakwambia mwenyeji ni nani, na mara nyingi yupo karibu kabisa. Kama hayupo tafuta aliyeharibika nusu. Geuza uangalie chini, chimba shina lote na kilichopo chini ya shina usikivunje, kisha pasua mmoja kwa urefu toka kofia mpaka chini. Angalia kama unatoa maziwa, kama nyama inabadilika rangi ukiikata, kama kuna kikombe chini ya shina. Andika miti iliyopo, iwe miombo, misonobari au mikaratusi, maana uyoga mwingi unaishi na mizizi ya mti maalumu. Lenzi ya mkono inayokuza mara 10 inatosha kwa sehemu kubwa ya haya ninayoandika, na kama huna, kamera ya simu ukiikaribisha vizuri nayo inasaidia.

Dalili: mweupe kwanza, alafu njano kali, kwenye uyoga wa sponji

Hii ndo inayoulizwa kuliko zote kwahiyo nitakaa hapa kidogo. Mwenyeji ni uyoga wa sponji, wale wataalamu wanaowaita Boletus na ukoo wake mzima, wakiwemo Suillus wanaoishi na misonobari. Mvamizi anaitwa Hypomyces chrysospermus.

Anaanza kama utando mweupe laini, mara nyingi kwenye sponji chini ya kofia ambako hujaangalia, na hapo kwa juu uyoga bado unaonekana mzima unautamani. Kwenye hatua hii anatoa spora nyepesi zenye ukuta mwembamba, hizo ni za kusambaa haraka. Baada ya muda kitu chote kinageuka njano ya dhahabu na kuwa unga unaoshika mkononi, hizo sasa ni spora nyingine kabisa, za duara, zenye ukuta mnene na vinundu vinundu, kazi yake ni kuvumilia shida. Uyoga wenyewe kufikia hapo ndani umelegea, una maji, unanuka. Ipo na hatua ya tatu ambapo rangi inaenda kwenye wekundu wa kahawia na vinatokea vichupa vidogo sana vya kutengeneza spora za kujamiiana, lakini hiyo inaonekana kwa nadra, wengi hatuioni maana uyoga unakuwa umeshaoza umeanguka.

Kwenye vitabu vya zamani utamkuta huyuhuyu kwa jina la Sepedonium chrysospermum. Sio kosa wala sio mwingine, zamani kuvu moja iliruhusiwa kuwa na majina mawili, moja la hatua ya kujamiiana na lingine la hatua isiyo na kujamiiana, mpaka mwaka 2011 kwenye mkutano wa Melbourne wataalamu wa mimea na kuvu wakakubaliana kila kuvu iwe na jina moja tu. Nimeeleza kwa sababu watu wanabishana sana kwenye picha, huyu anasema Hypomyces yule anasema Sepedonium, kumbe wote wako sawa.

Yupo ndugu yake anaitwa Hypomyces microspermus, kwa macho wanafanana, tofauti ni spora za njano kuwa ndogo zaidi na hiyo bila hadubini huwezi kuisema. Ukiwa huna hadubini andika tu kimelea cha njano cha uyoga wa sponji, inatosha, usilazimishe jina.

Sasa, tatizo linakuja ukikuta ni mweupe tu, bado hajageuka. Mweupe anaweza kuwa mtu yeyote. Chukua kipande, weka kwenye kopo lenye mfuniko na karatasi laini iliyoloweshwa kidogo, kiache mahali penye kivuli siku mbili tatu, kila siku fungua uangalie. Ukigeuka njano kwenye mwenyeji wa sponji ni huyu tuliyemsema. Ukigeuka pinki au wekundu, nenda kwenye utando wa buibui hapo chini. Ukigeuka kijani ni Trichoderma, na hapo kuwa makini kwa sababu Trichoderma anapenda kuingia baadaye kwenye kitu ambacho tayari kimeshakufa, anaweza kumfunika mvamizi wa kwanza ukamkosa. Ndo maana nasema angalia kila siku, usisubiri mpaka mwisho.

Dalili: nywele zilizosimama, kila moja na kichwa cheusi

Hii ukiiona mara ya kwanza unashangaa, uyoga mdogo una nywele zimesimama wima kwenye kofia kila unywele una kiduara juu. Wapo wawili wanaochanganywa kila siku.

Spinellus fusiger anakaa zaidi kwenye Mycena, vile viuyoga vidogo vyenye kofia ya kengele na shina jembamba. Nyuzi zake zimenyooka, hazina matawi, moja kwa moja toka kofiani, urefu unaweza kufika sentimita kadhaa, na vichwa vinaanza vikiwa vyeupe alafu vinakuwa kahawia mpaka nyeusi. Mwenyeji mara nyingi bado anasimama vizuri.

Syzygites megalocarpus hachagui sana, anashambulia uyoga wa aina nyingi sana, na nyuzi zake zina matawi, kila uzi unagawanyika viwili, navyo vinagawanyika tena, kwahiyo badala ya nywele moja moja unaona manyoya mazito yaliyojaa, mwanzoni meupe au njano kisha kijivu na kahawia. Huyu ana haraka ya ajabu, uyoga uliouona leo asubuhi ni mzima kesho unaweza kuukuta umefunikwa wote, na mwenyeji anaoza palepale. Na ana heshima yake kwenye historia ya sayansi, maana ndiye ambaye Christian Gottfried Ehrenberg alimchunguza na mwaka 1820 akaeleza jinsi nyuzi mbili zinavyokutana na kuungana kutengeneza spora moja, mara ya kwanza mtu kuonyesha kwamba kuvu nazo zinajamiiana. Ukiwa na lenzi nzuri unaweza kuziona zile spora za muungano, ni nyeusi, kubwa kuliko vichwa vya kawaida, zimekaa katikati ya nyuzi mbili.

Kwahiyo angalia matawi kwanza. Hakuna matawi na mwenyeji ni Mycena, Spinellus. Matawi mengi na uozo, Syzygites.

Dalili: matamvua yamepotea, chini pamekuwa pagumu na pana rangi

Hapa mvamizi haotei juu kama manyoya, anaufunika uyoga wote kwa gamba gumu na kuubadilisha umbo. Matamvua yanakuwa mikunjo midogo tu au yanatoweka kabisa, na ukiweka lenzi kwenye lile gamba utaona vidoa vidogo vidogo vimejaa, vile ni midomo ya vichupa vya spora. Ukiviona hivo vidoa umeshamaliza nusu ya kazi, ni jamii ya Hypomyces. Ukivikosa usikate tamaa, gamba likiwa changa bado havijatokea.

Anayejulikana zaidi ni wa Marekani Kaskazini, Hypomyces lactifluorum, rangi ya chungwa mpaka nyekundu, anawavamia Russula brevipes na Lactifluus piperatus. Kule analiwa, anauzwa mpaka sokoni, na kile wanachokula ni mwenyeji na mvamizi kwa pamoja, na mwenyeji mwenyewe kabla ya kuvamiwa Lactifluus piperatus anawasha mdomo kama pilipili na Russula brevipes hana ladha ya maana. Ndo kisa pekee ninachokijua ambapo kimelea kimepandisha bei ya uyoga.

Lakini hiyo sifa isiwahamishe watu kwa wengine. Yuko wa kijani ya njano, Hypomyces luteovirens, anakaa kwa Russula, anafunika matamvua na shina. Yuko Hypomyces lateritius kwa wale wa Lactarius, anaanza mweupe kisha anaelekea rangi ya tofali, matamvua yanabaki vimistari tu na nyama inakuwa ngumu kuliko kawaida. Alafu yuko huyu wa kuogopwa, Hypomyces hyalinus, anavamia Amanita, hasa kundi la Amanita rubescens, anaugeuza uyoga kuwa kitu cheupe kinene kisicho na kofia inayoeleweka. Mtu akikiokota anaona tu bonge jeupe gumu lenye afya. Lakini ule ukoo wa Amanita ndo wenye uyoga unaoua, na alama zote ambazo ungetumia kuwatambua, matamvua, pete ya shinani, vipande vya kofiani, zimefunikwa. Kwahiyo kama uko Marekani au Kanada na umekuta uyoga wenye gamba, rangi sio ya chungwa, au ni ya chungwa ila huna uhakika na waliopo jirani yake, acha.

Dalili: uyoga mdogo umeota juu ya uyoga mkubwa

Hii inapendeza kwa macho kuliko zote. Kuna makundi mawili na ni vizuri kuyatenganisha: wale wanaomshambulia mwenyeji akiwa hai, na wale wanaosubiri afe waje wale mabaki.

Ukikuta Russula kubwa iliyozeeka ikawa nyeusi kama Russula nigricans, na juu yake kuna viuyoga vyeupe vidogo vimejazana, ni Asterophora. Kofia ikiwa inasambaratika kuwa unga wa kahawia, ni Asterophora lycoperdoides, ule unga ni spora anazotengeneza kwenye kofia yenyewe badala ya kwenye matamvua. Kofia ikiwa na hariri ya kijivu au zambarau hafifu na matamvua yake mazito yanaonekana vizuri, ni Asterophora parasitica.

Viuyoga vyeupe vyembamba zaidi vinavyotoka kwenye kitu cheusi kilichooza hata hujui kilikuwa nini, hao ni Collybia, wanaokula mabaki. Chimbua shina lake taratibu mpaka mwisho. Ukikuta chini kuna kibonge chekundu cha kahawia kirefu kidogo, ni Collybia tuberosa, kibonge cha duara cha njano ni Collybia cookei, hakuna kibonge ni Collybia cirrhata. Mtu akinyofoa bila kuchimba ameipoteza alama pekee inayowatenganisha, na picha hata iwe nzuri vipi haitasaidia.

Uyoga wa sponji ulioota ubavuni mwa mpira wa ardhini wa njano wenye ngozi ngumu na ndani mweusi, ni Pseudoboletus parasiticus juu ya Scleroderma citrinum, wa Ulaya na mashariki ya Marekani Kaskazini. Uyoga mweupe wenye matamvua ya pinki na kikombe chini, juu ya Clitocybe nebularis ya kijivu, ni Volvariella surrecta. Na kama shina linaonekana la watu wawili, chini rangi na magamba ya Cystoderma, juu kofia ya mwingine kabisa, basi umekutana na Squamanita, mpige picha nyingi uwezavyo maana ni nadra na watu wanawatafuta miaka hawawaoni.

Wengine mwenyeji wao hata haonekani. Ukiona kirungu cheusi kimesimama kwenye udongo msituni chimba kwa upana na kwa kina. Kirungu kirefu kilichounganika kwa nyuzi za njano na mpira mgumu uliozikwa ni Tolypocladium ophioglossoides, chenye kichwa cha duara na shina linaloingia moja kwa moja kwenye mpira ni Tolypocladium capitatum, na ule mpira ni Elaphomyces, kuvu ya chini ya ardhi. Ukikuta chini kuna mdudu badala ya mpira hiyo ni habari nyingine, Cordyceps na jamaa zake, na wanafanana juu kiasi kwamba bila kuchimba huwezi kusema.

Vile vidole vyeusi vinavyotoka kichuguuni je? Watu wananiambia uyoga wa kichuguu umepata kimelea. Hapana. Vile ni Xylaria. Mchwa wanaolima Termitomyces wanashughulikia bustani yao muda wote na wakiwepo kwa wingi Xylaria hatokei, ila kundi likifa au likihama yeye ndo anachukua yale masega yaliyobaki. Kwahiyo vidole vyeusi vinakwambia kichuguu kimeachwa, au sehemu yake imeachwa, usitegemee uyoga pale msimu ujao.

Dalili: uyoga umekuwa bonge lisilo na umbo

Sababu hapa ni nyingi na sio zote ni kuvu, ndo maana naisisitizia. Kwa wanaolima ule mweupe wa duara wa supamaketi, Agaricus bisporus, bonge jeupe kubwa linalotoa matone ya kahawia ni Mycogone perniciosa. Mashina yanayopasuka na kuchanika ngozi, vibonge vikavu vya kijivu na madoa kwenye kofia ni Lecanicillium fungicola, na huyu anasafirishwa sana na nzi, na mikono ya wachumaji.

Madoa ya kahawia yaliyobonyea yenye utelezi ni bakteria, Pseudomonas tolaasii, na chanzo chake ni kofia kukaa na maji muda mrefu baada ya kumwagilia. Ongeza hewa, kofia zikauke, tatizo linapungua, dawa ya ukungu haifanyi lolote pale.

Kofia yenye matamvua yaliyojitokeza juu badala ya chini sio ugonjwa kabisa, ni moshi au mvuke wa dizeli, mafuta ya taa au mafuta ya mashine. Tafuta jenereta iko wapi na moshi wake unaelekea wapi. Na uyoga mamama (oyster) wenye mashina marefu na vikofia vidogo mno unakosa hewa safi, hewa ukaa imejaa chumbani, fungua madirisha kabla hujatafuta wa kumlaumu.

Porini kwa Marekani Kaskazini kuna mabonge meupe yenye pinki ndani yanayotokea karibu na magogo, Entoloma abortivum pamoja na Armillaria. Kwa miaka mingi ilisemwa Armillaria ndo anamshambulia Entoloma, mpaka utafiti wa mwaka 2001 ukaonyesha ni kinyume, mabonge yale ni Armillaria aliyeharibiwa na Entoloma. Nalitaja hili kwa sababu hata wataalamu kumtambua nani anamla nani sio kazi ndogo, kwahiyo wewe na mimi tusiwe wepesi wa kutangaza.

Dalili: utando mwepesi unaotambaa, au unga wa kijani

Utando wa kijivu mweupe unaotambaa juu ya udongo na kupanda kwenye uyoga mpaka kuuzungushia wote kama utando wa buibui ni Cladobotryum. Ukizeeka unaweza kuwa pinki mpaka nyekundu, na yule wa wekundu hatua yake nyingine inaitwa Hypomyces rosellus. Porini yuko kwenye uyoga wa kila namna, shambani ni balaa kwa sababu spora zake ni kavu na nyepesi, ukimwagia maji au ukiwasha feni zinaruka chumba kizima. Kwahiyo kwa mkulima ukiona kiduara usikishike, kwanza kifunike na karatasi laini iliyolowa, mwagia chumvi juu, ndipo uondoe taratibu.

Kijani kwenye mifuko ya uyoga mamama ni Trichoderma. Anaanza mweupe kabisa na hapo anafanana na mbegu yako inavyotambaa, kinachomuumbua ni kasi na ule unga wa kijani baada ya siku chache. Akiwa mifuko mingi kwa pamoja angalia uchemshaji, mabua au majani ya migomba hayakupata moto wa kutosha kwenye pipa, au umejaza yakiwa yamelowa mno ukikamua mkononi maji yanachuruzika. Akiwa mfuko mmoja mmoja angalia mikono na mahali ulipopandia. Mfuko utoe nje ukiwa umefungwa, usiufungulie ndani ili uone zaidi.

Dalili: jeli ya njano kwenye tawi kavu

Hii haionekani kama kimelea kwa sababu mwenyeji ni utando mwembamba uliolala kwenye mti, mtu hata hamuoni. Jeli ya njano karibu na tabaka laini la Peniophora ni Tremella mesenterica. Yenye mikunjo mingi na jirani yake kuna vikofia vigumu vya Stereum hirsutum, ni Naematelia aurantia. Jeli iliyotoka kwenye mbao moja kwa moja bila mwenyeji yeyote inaweza kuwa Dacrymyces, na huyo anakula mti tu.

Sasa kula je

Ninalisema hili kwa uzito wote, hasa kwa kinamama na watoto wanaochuma kwenye miombo ya Tabora, Iringa mpaka Songea ambako uyoga ni chakula na ni hela ya msimu. Uyoga wenye kimelea usile, hata kama mwenyeji unamjua toka utotoni. Sio kwamba kila kimelea ni sumu, ila uyoga ule tayari umeanza kuoza ndani na alama za kumtambua zimefunikwa, na hatari kubwa ni kukosea mwenyeji. Sumu za Amanita za kuua haziondoki kwa kuchemsha wala kukausha, na mtu hajisikii chochote kwa saa 6 mpaka 12 au zaidi, wakati huo ini linaharibika. Akianza kutapika na kuharisha baadaye anaweza kupata nafuu ya siku moja hivi, watu wa nyumbani wanadhani amepona. Mpeleke hospitali hata kama anasema anaendelea vizuri, na beba uyoga uliobaki, hata maganda mliyotupa jalalani okoteni.

Ukitaka mtu mwingine akusaidie kumtambua kimelea, funga sampuli kwenye karatasi au bahasha, kila moja peke yake maana spora zinahama kwenda kwa nyingine njiani. Mwenyeji mzima mpe bahasha yake. Ukifika nyumbani kata vipande vyembamba ukaushe taratibu kwenye hewa ya moto kama nyuzi 40, sio juu ya jiko, mpaka vivunjike ukivikunja. Kabla ya kukausha bandika kipande cha selotepu inayoonyesha ng'ambo juu ya ule unga, kibandue, kibandike kwenye kioo au plastiki safi, hiyo mwenye hadubini anaiangalia moja kwa moja. Andika tarehe, mahali, miti iliyokuwepo, rangi ya unga siku ulipoukuta na rangi siku mbili baadaye, maana rangi ya mwanzo ikishapotea hakuna wa kuirudisha.